Mwana wa Kwetu Hamezi Vidonge

Rubondo, mtu akisema aitwe Fébronie, haulizwi kuna shughuli gani. Anaulizwa watu ni wangapi. Wakiwa hamsini, Fébronie huja peke yake na mwiko wake. Wakiwa mia tatu, huja na mwiko na amri, na wanawake wa jumuiya nzima hukaa chini kuchambua maharagwe kama askari wapya siku ya kwanza kambini.

Ni mjane wa miaka hamsini na mbili, mwembamba kuliko wapishi wanavyotarajiwa kuwa. Alitoka Makamba, Burundi, mwaka 2015, akavuka mipaka miwili, akafika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na kupewa kiwanja Rubondo, upande wa Isingiro ambako ardhi ni nyekundu na migomba ya wenyeji inaonekana kwa mbali juu ya vilima. Analima mahindi na maharagwe. Lakini jina lake halikutoka shambani, lilitoka jikoni, na jina kama hilo kati ya Warundi halipatikani kwa urahisi.

Warundi wana hadhari ya kale juu ya chakula cha mtu mwingine. Ukimtembelea Mrundi mwenye adabu akakumiminia kinywaji, yeye hunywa funda la kwanza mbele yako, ndipo akukabidhi, ili moyo wako utulie kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Haionekani kuwa tusi, ni heshima. Watu waliofika ukimbizini kutoka kila mkoa, kila mmoja na majirani aliowaacha kwa sababu zake, hawakuiacha hadhari hiyo mpakani. Kwa hiyo mwanamke ambaye Rubondo nzima inakula sufuriani mwake bila kumtazama mikono amepewa kitu kikubwa. Kukipata kulimchukua Fébronie miaka sita. Kukipoteza kungemchukua siku mbili, na karibu kumchukue kweli.

Wageni walifika Jumatatu. Walikuwa sita, kutoka Kanada, wametumwa na parokia moja ya huko kujitolea Rubondo wiki mbili: kujenga vyoo vya shule ya msingi na kuwafundisha watoto kunawa mikono. Watoto wa Rubondo walikuwa wamekwisha kufundishwa kunawa mikono na vikundi saba kabla ya hicho, na wimbo wake waliujua kwa sauti nne. Waliwaimbia wageni kabla wageni hawajafungua mabegi.

Fébronie alipewa kazi ya kuwapikia katika nyumba ya wageni ya kanisa. Siku ya kwanza aliwapikia wali, maharagwe, mboga ya lengalenga na samaki wa ziwani. Walishukuru sana, wakapiga picha ile meza, kisha wakala biskuti na samaki wa kopo. Aliwachemshia maji mpaka yakatokota, akayapoza, akayachuja. Wakayatia kidonge cha kuyasafisha. Kiongozi wao, Aurore, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na kitu, mwenye nywele fupi nyeupe na daftari la mwongozo lililojaa vibandiko vya rangi, alimweleza kwa upole kwamba kikundi kina masharti ya afya. Tunda lisilomenywa haliliwi. Mboga mbichi haziliwi. Mkono ukishikwa, unapakwa dawa. Walizungumza Kifaransa, Fébronie alibaki nacho kiasi kutoka shule ya msingi, na kilichopungua alikijaza kwa kutikisa kichwa.

Hakukasirika. Alimwambia jirani yake Uwitonze kwenye pampu ya maji, "Nimechemsha maji, nao wakayachemsha mara ya pili kwa kidonge. Kesho nitayachemsha mara mbili, waone kama watatia vidonge viwili."

"Na chakula je?" aliuliza Uwitonze.

"Chakula nimekula mimi. Nimenenepa tangu jana."

Mmoja tu kati ya wale sita alikuwa mweusi. Jina lake Jean-Paul, miaka thelathini na moja, mrefu, mwenye miwani. Alizaliwa Bururi, akaondoka na bibi yake akiwa na miaka sita, akakulia Sherbrooke, mji wa Kanada wenye theluji miezi mitano. Jumanne adhuhuri, wenzake walipokuwa wakifungua makopo, alizunguka nyuma ya nyumba akamkuta Fébronie jikoni, akavua viatu, akakaa kwenye kibao.

"Mama," alisema kwa Kirundi, "nipe kile wanachokataa."

Kirundi chake kilikuwa cha ajabu. Matamshi yalikuwa safi kabisa, ya Bururi, lakini maneno yalikuwa ya mtoto wa miaka sita. Alijua kusema njaa, mama, mbuzi, nimeanguka. Hakujua kusema mkutano wala ndoa. Kumsikiliza mwanamume mwenye ndevu akisema vile kulimfanya Fébronie atake kumfuta kamasi. Alimmiminia maziwa ya mgando, akanywa funda moja, akampa. Jean-Paul alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa kwa muda.

"Bibi yangu anafanya hivi mpaka leo," alisema, sasa kwa Kifaransa. "Hata soda ya dukani anaionja kwanza."

Tangu siku hiyo hakula tena mezani na wenzake. Alikula jikoni: sombe ya majani ya muhogo, ndizi za kupika, uji wa mtama, mihogo. Alinywa maji ya mtungi. Alitembea peku. Wenzake walimtazama kwa wasiwasi na kwa husuda kidogo. Kila asubuhi baada ya chai, wale watano walitoa vidonge vyao vya kukinga malaria wakavimeza kwa pamoja, kama wanaopokea Komunyo, naye akiwatazama akitabasamu.

Fébronie aliliona hilo. "Wewe humezi?"

"Mimi? Mama, mimi ni wa hapa. Damu yangu inawajua mbu. Kule kwa daktari wa safari niliwaambia: wale wanakwenda ugenini, mimi nakwenda nyumbani."

"Bururi hakuna mbu, mwanangu. Ni baridi."

"Basi hata mbu wa huku wananiheshimu."

Alicheka, naye Fébronie akacheka. Alimwambia tu alale ndani ya chandarua. Jean-Paul akasema chandarua kinamfanya ajione samaki. Yakaishia hapo, kwa sababu kijana akila vizuri, mpishi husahau mengine.

Ijumaa mchana Jean-Paul alishuka kwenye ngazi ya ujenzi, akasema kichwa kinamuuma. Jioni akatapika. Jumamosi hakutoka kitandani.

Aurore alifungua daftari lake. Lilikuwa na ukurasa wa kutapika, na ukurasa huo uliuliza swali moja: mgonjwa alikula nini ambacho wengine hawakula? Jibu lilikuwa wazi kama jua. Watu sita, watano wamekula makopo, wazima. Mmoja amekula kwa mpishi, anatapika. Aurore hakuwa mtu mbaya, wala hakumgombeza mtu. Alimpa Jean-Paul dawa ya tumbo, akamkataza jikoni, akamwambia Fébronie kwa sauti ya chini kwamba kwa siku chache wangejipikia wenyewe.

Hesabu ile ile ambayo Aurore aliifanya kwa daftari, Rubondo iliifanya bila daftari. Tofauti ni kwamba Aurore alipofika mwisho wa hesabu alikuta vijidudu. Rubondo ilikuta sumu.

Hakuna aliyelitamka neno lenyewe mbele yake. Kwenye pampu walimwachia nafasi kubwa kuliko kawaida. Uwitonze, ambaye kila Jumamosi huomba chumvi hata akiwa nayo, hakuja kuomba. Na Jumapili baada ya misa, Mzee Semahoro, kiongozi wa jumuiya, alimsubiri Fébronie kwenye kona ya kanisa akiwa ameshika kofia kifuani.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kipaimara. Askofu angekuja. Vijana arobaini na wawili wangepokea, na wazazi na wasimamizi wao wangekula uwanjani. Tangu Pasaka ilijulikana nani angepika.

"Mama Fébronie," alisema Semahoro, "umefanya kazi nyingi mwaka huu."

"Nimefanya."

"Tumeona kwenye kamati kwamba upumzike."

"Nani amechoka, Mzee Semahoro? Mimi au kamati?"

Semahoro aliitazama kofia yake. "Watu wanaongea. Unawajua watu. Yule kijana akipona, tutaona. Lakini wazazi wanasema watoto wao hawawezi kula siku ya Roho Mtakatifu wakiwa na hofu."

Fébronie alirudi nyumbani akakaa mlangoni. Kilichomchoma hakikuwa Semahoro. Kilichomchoma ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuuliza. Alizipitia sufuria zake moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta ufunguo. Maziwa yalikuwa ya juzi, yeye mwenyewe ameyanywa. Samaki alikuwa na macho meupe? Hapana, ya kung'aa, samaki wa asubuhi. Sombe aliitwanga na kuichemsha saa nzima. Mihogo ndiyo ilimkwamisha. Ile ilikuwa mihogo michungu, na mihogo michungu inataka kulowekwa siku tatu. Aliiloweka Jumamosi. Aliitoa Jumanne. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Tatu. Alihesabu tena kwa vidole. Tatu. Na yeye aliila hiyo hiyo mihogo, sahani ile ile, na tumbo lake halikunung'unika.

Akainuka. Mtu ambaye mkono wake ni safi hana sababu ya kukaa mlangoni.

Nyumba ya wageni ilikuwa kimya, wengine wamekwenda kuwasikiliza wanakwaya. Aurore alikuwa kitini kando ya kitanda. Jua la saa nane lilikuwa likiyachoma mabati, chumba kizima kimechemka, na Jean-Paul alikuwa chini ya blanketi mbili akitetemeka mpaka chaga za kitanda zikagongana. Midomo ilikuwa imemkauka. Fébronie hakuomba ruhusa. Alimwekea mkono shingoni.

"Hili si tumbo," alisema. "Ni malaria."

Aurore alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko hasira. Ni kawaida: anayeshtakiwa kwa chakula atasema ni mbu. Angesema nini kingine?

"Lakini anasema malaria haiwapati," alijibu Aurore. "Alinihakikishia. Wenyeji mna kinga."

"Mimi nimeugua mara nne tangu nifike hapa. Mume wangu alikufa kwayo." Alisema bila kupandisha sauti. "Pale kituo cha afya, hatua mia tatu kutoka hapa, wanakutoboa kidole. Dakika ishirini unajua."

Aurore alikitazama kituo kupitia dirisha: foleni, benchi, watoto mgongoni. Daftari lilisema kitu kuhusu sindano katika kambi. "Nitampeleka Mbarara," alisema. "Kwenye kliniki nzuri. Sasa hivi."

"Mpeleke hata Kampala, mradi apimwe."

Dereva wa kikundi alikuwa Hamdu, mtu wa Mbarara, Mwislamu mwenye tumbo la heshima na kofia ya kufuma, aliyewahi kuendesha malori mpaka Bujumbura na Goma na kurudi na salamu za kila lugha ya njiani. Alimbeba Jean-Paul mgongoni kama gunia, akamlaza kiti cha nyuma. Fébronie alisimama kando ya gari na kanga begani. Aurore alisita. Alionekana akitafuta sentensi ya adabu ya kumwambia mshukiwa abaki.

Hamdu hakuisubiri. "Mama, wewe panda. Mgonjwa bila mutu yake anaenda kufanya nini huko? Nani atamuosha? Nani atashika ndoo?" Akamgeukia Aurore akamrudishia hayo hayo kwa Kifaransa cha malori, na Jean-Paul, macho ameyafumba, akanyoosha mkono akaushika ukingo wa kanga ya Fébronie. Fébronie akapanda.

Walipita Isingiro mjini wafanyabiashara wakifunika mikungu ya ndizi kwa majani, wakapita ng'ombe wenye pembe ndefu wanaovuka barabara bila haraka, na Hamdu akaongea njia nzima ili pasiwe na kimya. Alimwuliza Fébronie kama ni kweli yeye ndiye aliyempa kijana sumu. Aliuliza hivyo hivyo, waziwazi, kama mtu anayeuliza bei ya mafuta ya taa.

"Nani amekuambia?"

"Pale kwa duka la simu. Wamesema mingi."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema kama ni yeye, mbona mimi niko hai? Jumatano nimekula kwa yeye sahani mbili. Wamesema labda sumu yake haijui Waislamu."

Fébronie alicheka mpaka akajishangaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Kliniki ilikuwa ya ghorofa mbili, sakafu nyeupe inayonuka dawa. Mpimaji wa maabara aliyetoka na sindano alikuwa dada mmoja aitwaye Jaliah, amejifunga hijabu ya kijivu na amechomeka kalamu ndani yake juu ya sikio. Alimtoboa Jean-Paul kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, nyingine akaipaka kwenye kioo. Kabla ya robo saa akarudi.

"Malaria," alisema. "Nyingi. Mumechelewa kidogo, lakini si sana. Anaanza sindano sasa, kwa mushipa, sababu anatapika."

Aurore alikaa. "Si chakula?"

"Chakula gani?"

Aurore akaeleza, Hamdu akitafsiri: kijana amekula kwa huyu mama siku nne, wengine hawakula, wengine ni wazima. Jaliah alisikiliza mpaka mwisho, akageukia kalenda ukutani, ya duka la saruji, akatoa kalamu hijabuni.

"Kiswahili yangu ni ya soko, munisamehe. Alifika Rubondo lini?"

"Jumatatu."

"Homa?"

"Ijumaa."

"Kabla ya Jumatatu alikuwa wapi?"

Walikuwa Jinja, karibu na mto, siku kumi na moja, wakipaka rangi darasa la kanisa. Walilala barazani kwa sababu ya joto. Wengine walikuwa na vyandarua.

Jaliah alirudisha kalamu nyuma kwenye kalenda, kisanduku baada ya kisanduku. "Mbu ikikuuma leo, huanguki kesho. Ile kitu inaenda kwa ini, inakaa kimya. Wiki moja, siku kumi, ingine wiki mbili. Hapo ndio inatoka kwa damu na wewe unaanza kutetemeka. Sasa hesabu. Hii mbu ilimuuma kabla hajajua jina ya huyu mama." Akafunika kalamu. "Wale wengine hawakupona sababu ya makopo. Si wanameza dawa?"

"Wanameza."

"Na yeye?"

Kutoka kitandani sauti ikajibu, nyembamba, kwa Kifaransa: "Mimi ni wa hapa."

"Umeondoka lini?"

"Nikiwa na miaka sita."

Jaliah alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kuisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko anavyopenda. Wanakuja hapa kila Desemba, alisema, watoto wa Mbarara wanaoishi London na Boston. Wazungu waliokuja nao wanarudi wazima, wao wanalazwa. Mtu hazaliwi na kinga ya malaria. Unaijenga kwa kuumwa na kuumwa tena, na ukiondoka miaka michache tu inabomoka. "Na mugeni mwenye anajua ni mugeni, huyo anajichunga," alimalizia.

Fébronie alimwelewa kwa njia yake. Alimtazama yule mwanamume mwenye ndevu na akakumbuka Kirundi chake, kilichosimama Bururi kikiwa na miaka sita na hakikukua tena. Mwili nao ulikuwa hivyo. Ulikumbuka kuitwa wa hapa, lakini maneno yalikuwa yamekwisha.

Jaliah alipokuwa akitoka aligeuka mlangoni. "Lakini kwa nini mumekuja mbali hivi? Hii kipimo iko Rubondo. Ni hii hii, inatoka kwa kasha moja. Hata sindano hii wako nayo."

Hamdu hakuitafsiri hiyo. Aurore alikuwa ameielewa bila msaada. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alivuta kiti chake karibu na cha Fébronie, akasema kwa Kifaransa cha polepole, kile cha mwalimu kwa darasa la kwanza, kwamba anaomba msamaha. Kwamba angemwandikia padri barua, aeleze yote.

"Barua ni nzuri," alisema Fébronie. "Lakini Jumapili watu hawatakula barua."

"Basi nifanye nini?"

Fébronie alifikiri. Hakutaka Aurore aseme, kwa sababu Aurore akisema, watu wangesema Aurore ni mwema. "Aseme yeye," alijibu, akimwonyesha Jean-Paul kwa kidevu. "Akiweza kusimama."

Alikaa Mbarara siku tatu kama mwuguzaji wa Jean-Paul. Alimwosha, akashika ndoo, akafua mashuka uani pamoja na wauguzaji wengine, Wanyankole na Wakongo na Mrundi mmoja wa Cankuzo. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda na akalala vizuri. Mchana mke wa Hamdu, Nusura, alikuja na chupa ya uji wa ulezi na bakuli la katogo, ndizi zilizopikwa na maharagwe, na alikaa akimtazama Fébronie akila mpaka bakuli likaisha.

"Hamdu amesema wewe ndio mupishi mukubwa huko," alisema Nusura. "Sasa nimeogopa kukuletea."

"Umetia binzari."

"Kidogo."

"Nitaiiba hiyo."

Jumatatu jioni Jean-Paul aliomba ndizi mbivu. Jumanne aliketi. Jumatano asubuhi walirudi, yeye amepungua mpaka shati limekuwa la kaka yake, na vidonge vya kumalizia dozi mfukoni, ambavyo Fébronie alivihesabu mwenyewe kabla ya kuondoka.

Jumuiya ilikutana Alhamisi alasiri nyumbani kwa Semahoro. Baada ya rozari, Jean-Paul alisimama, ameegemea nguzo ya baraza. Wangeweza kumtafutia mkalimani. Alikataa.

"Mimi niliumwa," alisema kwa Kirundi. "Mbu mbaya aliniuma. Mbali. Si hapa. Walinipa dawa nyumbani, mimi nikasema sitaki, mimi mkubwa."

Mwanamke mmoja nyuma alianza kucheka, akajizuia kwa kitenge.

"Mama Fébronie alinipa chakula kizuri. Tumbo langu zuri. Damu yangu ndiyo mbaya. Mama Fébronie alinifua." Alitaka kusema aliniosha. Sasa baraza zima lilicheka, naye akacheka, na kicheko kile kilifanya kazi ambayo kalenda ya Jaliah isingeifanya. Mtu anayejitetea huchagua maneno. Huyu hakuwa na maneno ya kuchagua.

Uwitonze peke yake hakucheka. Binti yake alikuwa mmoja wa wale arobaini na wawili. "Na wale wazungu mbona hawakuumwa?" aliuliza.

"Wale wanameza. Kila siku. Mimi nawacheka, wao wanameza."

"Kwa hiyo wazungu walijua na Mrundi hakujua."

"Ndiyo."

"Basi," alisema Uwitonze, akafunga tena kitambaa chake cha kichwa, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote iliyo wazi.

Semahoro alikohoa. Alisema jumuiya inamshukuru Mungu kwa afya ya kijana. Alisema kamati imeona, sasa mambo yamefafanuka, Mama Fébronie apike kama ilivyopangwa, na ili asichoke, kina mama wawili wasimame naye pale pale kwenye sufuria. Kumsaidia kuangalia.

Kila mtu alijua kuangalia ni nini.

Fébronie alisimama polepole. "Mzee Semahoro, kumenya, kuchota maji, kupepeta, hayo nasaidiwa miaka yote na nashukuru. Lakini kuangaliwa, hapana. Nikipika, napika. Nisipopika, nitakuja Jumapili na gauni langu la bluu, nitakaa na wageni, na mtaniletea sahani. Nataka kiti cha mbele. Chagueni mpaka kesho."

Akaketi. Kulikuwa na miguno, kisha mzee mmoja kando ya mlango akasema kwamba kwa upande wake amekula kwa Fébronie harusi mbili na matanga ya mkewe, na kama kulikuwa na sumu basi ni ile ya polepole sana, kwa kuwa ana miaka sabini na tisa. Semahoro akacheka, akavaa kofia yake, na hiyo ndiyo ikawa kura.

Hata hivyo kura ya baraza ni jambo moja na Jumamosi ni jambo lingine. Rubondo hakuna anayekwenda kwa mtu kumwambia nimekukosea kwa kukuwazia sumu. Maneno hayo yakitamkwa hubaki hewani. Mtu anakuja kufanya kazi, au haji. Jumamosi jua likianza kuchomoza Fébronie alipanga mafiga ya majiko manne uani mwa kanisa, akamwaga magunia mawili ya maharagwe juu ya turubai, akaketi kwenye kibao akaanza kuchambua. Maharagwe ya watu mia tatu, mikono miwili. Alijisemea asingetazama barabarani. Alitazama mara tano.

Wa kwanza kufika alikuwa Uwitonze, na kisu, na sufuria ya kutosha familia mbili kichwani, na malalamiko.

"Kuni hizi mbichi. Nani amezinunua?"

"Semahoro."

"Semahoro hajawahi kupika hata yai." Akaketi upande wa pili wa turubai, akavuta rundo la maharagwe mbele yake, akaokota jiwe, akalitupa. Kisha Uwitonze akasema, akiendelea kuchambua, "Yule kijana wa Bururi. Ana mke?"

"Sijui. Mwulize."

"Nitamwulizaje? Hata neno la ndoa halijui."

"Mfundishe basi. Anakuja saa tatu kupasua kuni, kama zitapasuka."

Barabarani wanawake wengine walikuwa wanakuja, watatu, kisha wawili, visu vimefungwa kwenye vitambaa, wakibishana kwa mbali kuhusu kiasi cha vitunguu. Fébronie aliinuka, akafuta mikono kwenye kitenge, na akaanza kuwapangia kazi.